Hadithi Iliyokatika Ngazini

Kutisha watu nilijifunza kwenye karatasi za njugu. Baada ya Mapinduzi wengi waliondoka mjini na vitabu vyao vikabaki. Vilirundikwa uani na chini ya ngazi, vikanyeshewa, vikakauka, mwisho vikafika Darajani na kuuzwa kwa uzito kwa wauza njugu. Muuza njugu huchana ukurasa, akausokota, akakunja ncha, akatilia njugu ndani. Nikitoka kazini nilinunua, nikala njiani, na nikifika nyumbani niliinyoosha karatasi kwa kiganja juu ya meza, nikaipangusa chumvi, nikaanza kusoma.

Nyingi zilikuwa za Kiingereza, na Kiingereza changu kilikuwa cha kujiokotea. Shule niliishia darasa la nne. Nilikuwa na kamusi iliyokosa jalada pamoja na kurasa zote za mwanzo, kwa hiyo maneno yanayoanza na herufi A niliyakisia tu. Kurasa nilizozipata zilikuwa za kila namna: maradhi ya ng'ombe, sheria za mirathi, mapishi ya keki. Lakini mara mojamoja ulinijia ukurasa wa hadithi ambayo mfano wake sikuwahi kuuona kwa Kiswahili. Mwanamke yumo ndani ya nyumba kubwa isiyo yake, ameshika mshumaa, na nyuma ya ukuta kuna kitu kinapumua. Ukurasa ukiishia hapo, umeishia hapo. Unaofuata umeshakwenda na njugu za mtu mwingine.

Siku moja nilimwomba muuza njugu aniwekee kurasa za kitabu kilekile. Akainua kifuko cha karatasi, akakichungulia ndani kama anatafuta kitu.

"Njugu zimo," akanambia. "Kitabu unakitaka. Na mwalimu je, nikutilie humuhumu?"

Wateja wakacheka, nami nikaenda zangu. Kwa hiyo sikupata kusoma hata hadithi moja ya aina ile yenye mwanzo na mwisho. Baada ya muda nikaona kwamba sikukosa kitu. Ukurasa uliochanika ulinikaa kichwani kuliko kitabu kizima nilichokimaliza. Nikajiwekea kanuni kwamba hofu hukaa pale karatasi ilipokatika, na kwa kanuni hiyo nikaanza kuandika mwenyewe.

Kazi yangu ilikuwa kupanga herufi za risasi katika kiwanda cha chapa. Ni kazi inayomfundisha mtu kwenda polepole, maana maneno huyasoma kinyumenyume na kosa dogo huonekana likiwa tayari limeshachapwa mara mia. Mashine ya kukatia karatasi iliacha vipande vyembamba vilivyokuwa vikitupwa, na msimamizi aliniruhusu kuvichukua. Niliandika alasiri, dirishani, kwa mistari mifupi kwa sababu karatasi yenyewe ilikuwa nyembamba. Watu walioziona kurasa zangu walidhani naandika mashairi.

Tulikuwa tumepewa chumba Kiponda, katika nyumba iliyokuwa ya familia moja na sasa ina familia kila ghorofa. Wenyewe hatukuwajua. Kwenye ukuta wetu walikuwa wameacha kalenda ya Kigujarati, na mahali kabati lilipokuwa limesimama palikuwa na umbo jeupe la kabati. Chokaa ilidondoka kila mvua za masika, ikatuachia unga kwenye mashuka na kwenye chakula. Uani kulikuwa na kisima kilichozibwa kwa mbao. Juu yetu, ngazi ilipoishia, kulikuwa na chumba kimoja kilichofungwa kwa kufuli. Ofisi iliyogawa nyumba ilisema dari lake ni bovu, na haikumpa mtu.

Chumba kile ndicho kilichoninyima utulivu kwa miaka. Nikila, nilikuwa nakiwaza. Nikiwa kazini na kibao cha kupangia herufi mkononi, nilikuwa nakipanga: dirisha upande gani, sakafu ya namna gani, kumebakizwa nini ndani. Sikutaka kupanda ngazi kukitazama kwenye tundu la mlango. Ningekuta magodoro mabovu na ndiyo ungekuwa mwisho wake.

Hadithi niliyoitoa humo ilikuwa hivi. Mwanamke anahamia katika chumba cha nyumba ambayo wenyewe wameondoka. Kila asubuhi, akiwa anachemsha chai, anasikia mtu anafagia chumba cha juu. Si mbio wala si kwa hasira. Anafagia kama anavyofagia mtu mwenye nyumba yake, pembeni kwanza, kisha katikati, kisha mlangoni. Chumba kimefungwa kwa nje na kufuli lina kutu. Mwanamke anawauliza majirani, nao hawasikii kitu. Mwisho anapanda ngazi.

Msikilizaji wangu alikuwa mke wangu. Alikuwa akishona kofia za viua, zile zenye vitundu vidogovidogo vinavyozungushiwa uzi, na duka moja la Mchangani lilikuwa likizichukua. Nikimsomea sikumtazama uso, kwa sababu alikuwa na adabu na uso wake ungenisifia tu. Nilitazama sindano. Sindano ikiendelea kuingia na kutoka, sentensi niliikata. Ikisita, nilitia alama pembeni ya ukurasa. Mwanzoni hakujua ninafanya hivyo. Alipojua alikuwa akinitania.

"Leo usijisifu," aliniambia siku moja. "Nimesita kwa sababu uzi umekwisha."

"Na pale pa kwanza?"

"Pale nilijichoma."

"Kwa nini ulijichoma?"

Akacheka, akanirushia kibonge cha uzi.

Mwaka ule alikuwa mja mzito. Mimba mbili zilikuwa zimetoka kabla ya hiyo, zote mbili tukiwa katika chumba kilekile, na jambo hilo hatukuwa tukilizungumza. Hii ilikuwa imeshapita mahali zile mbili zilipoishia. Alitembea kwa kushika ukuta. Ngazi alishuka mara moja kwa siku, na foleni ya mchele nilikwenda mimi. Nilikuwa namtazama kama mtu anayebebewa kitu na mwenzake kwenye utelezi, hawezi kumpokea na hawezi kusema.

Kwa nini basi niliendelea kumsomea? Kwa sababu alitaka, na kwa sababu mimi nilihitaji. Hilo la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mhariri wa gazeti moja la Bara alikuwa ameipenda hadithi na kukubali kuichapa, kwa sharti kwamba nimpelekee mwisho. Mimi kwa kanuni yangu nilitaka iishie mwanamke akiwa ngazini, mkono wake umeshika kufuli. Yeye alisema wasomaji watataka kujua ndani kuna nini. Nilikuwa nasubiri sindano inihukumie.

Alasiri moja nilikuwa nimefika palepale, mwanamke ameshika kufuli, mama mkwe wangu akaingia. Alikuwa ametoka Makunduchi na gari ya shamba, kikapu cha mihogo kichwani, hata jasho hajapangusa.

Mama mkwe alikuwa mtu wa heshima za kizamani. Mimi nilimwamkia shikamoo, yeye akaitikia marahaba, na baada ya hapo hakusema nami tena. Maneno yote yaliyonihusu aliyapitisha kwa binti yake, hata nikiwa nimekaa karibu naye kiasi cha kugusana magoti.

"Mwenzio anasoma nini?" akamwuliza.

"Hadithi, mama."

"Ya nini?"

"Ya mwanamke anasikia mtu anafagia chumba hakina mtu."

Mama mkwe akatua kikapu polepole. Akatazama dari, akatazama tumbo la mwanawe.

"Mwambie mumeo," akasema, "mtu akibeba yai kwenye kijiko hapigiwi ngoma mgongoni."

"Anasikia, mama."

"Mwambie tu."

Mke wangu akanigeukia, akaniambia, huku akijizuia kucheka. Lakini hadithi ilikatika siku hiyo. Mama mkwe akabaki kwetu. Akafukiza ubani pembe zote za chumba na kwenye ngazi mpaka mlango wenye kufuli. Akamtafuta mwalimu wa chuo cha Kurani amwandikie mwanawe kombe, aya za kinga, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa maji ya mawaridi, akamnywesha. Akaweka kisu chini ya mto. Mimi nilihamishia karatasi zangu kazini, nikazifunga kwa kamba.

Ikanibidi nitafute masikio mengine. Nikaenda barazani kwetu, wanakokaa wazee wa kahawa, nikawaambia nina hadithi ya kutisha nataka wanihukumie. Wakafurahi. Nilipofungua mdomo mmoja wao akanyanyua mkono.

"Ngoja. Ya kutisha? Basi tusome kwanza dua ya kinga."

Wakainua mikono wakasoma, wote kwa pamoja, mpaka mwisho, wakajifuta nyuso. Nikasoma hadithi yangu mbele ya watu waliokwisha kukingwa. Walinisikiliza kama wanavyosikiliza bei ya samaki wa mtaa mwingine.

"Jini wako kabila gani?" akauliza fundi cherehani, aliyekuwa hodari wa mambo hayo. "Ruhani? Subiani?"

"Hana kabila. Sisemi kama ni jini."

"Anataka nini?"

"Hasemi."

"Hana kabila, hasemi anachotaka, anafagia tu." Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu si jini, huyu mtumishi wa serikali."

Wakacheka mpaka kahawa ikamwagika. Nilikunja karatasi nikacheka nao, ila sikurudi tena. Nilijua wapi palipoharibika. Kwa watu wetu kitu kinachotisha huwa na jina na kabila, na kikipandishwa kichwani mwa mtu husema kinataka chano cha halua, au pete, au kitambaa chekundu. Kikishasema, mnakipa, mambo yanakwisha. Mimi nilitaka kuandika kitu ambacho huwezi kukiuliza. Bila ya sindano sikuweza kujua kama kinawezekana.

Siku zikaenda. Mama mkwe alipika, alifagia, alifukiza. Mke wangu alianza kukonda uso. Nilidhani ni mimba. Halafu asubuhi moja, ninavaa viatu, akanambia kwa sauti ya chini mama yake asisikie:

"Silali."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Kila nikifumba macho niko ngazini, nimeshika lile kufuli. Nafungua. Kila siku nakuta kitu kingine. Juzi nilikuta kitanda cha mtoto."

Nilikwenda kazini na siku nzima nilipanga herufi vibaya, msimamizi akanirudishia ukurasa mzima. Nilikuwa nimeifikiria sana kanuni yangu kwa upande wa hadithi, wala sikuwahi kuifikiria kwa upande wa mtu anayebaki nayo. Mimi nilikuwa nikibakishwa ngazini na karatasi za njugu, nikaona raha. Lakini mimi sikuwa nimebeba kitu.

Mkunga alipokuja kumpapasa hakupendezwa. Alisema mtoto yu hai lakini mama hapumziki, na mwili usiopumzika hauwezi kuaminiwa kushika. Alisema hivyo mbele yetu sote, akaondoka. Mama mkwe akataka kufukiza tena. Mke wangu akakaa kitako kitandani.

"Mama, ubani basi. Nataka mwisho."

"Mwisho wa nini?"

"Wa hadithi. Mmenikata katikati, na sasa namalizia mwenyewe kila usiku. Anisomee mwisho nilale."

Mama mkwe alikuwa ameshika ungo wa mchele wa foleni, akiutoa mawe, na vidole vyake vikaendelea kuchagua bila yeye kuvitazama. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe, akaniangalia usoni.

"Msomee," akasema. "Na mimi nipo."

Ila mwisho sikuwa nao. Nilikwenda kazini kuchukua karatasi zangu, na njia nzima ya kurudi nilikuwa nikitunga, nikipita watu bila kuwaamkia. Nilipofika chini ya wikio, lile daraja la juu linalounganisha nyumba yetu na ya jirani nilisimama kivulini, nikapanda ngazi na miisho miwili kichwani, mmoja wa kumtuliza na mmoja wa kweli.

Nikaanza na wa kutuliza. Nikasema mwanamke alifungua kufuli, akakuta dirisha limevunjika na ndani wamejaa njiwa. Mbawa zao ndizo zilizokuwa zikifagia sakafu.

Nilitaka kutazama sindano, lakini mikono yake ilikuwa imevimba na ushonaji alikuwa ameshauacha. Ilinibidi nimtazame uso.

"Njiwa," akasema.

"Naam."

"Pembeni kwanza, kisha katikati, kisha mlangoni?"

Nikageuza karatasi niliyokuwa nimeishika.

"Mimi ni mgonjwa, si mtoto," akasema. "Sema kilichomo."

Nikaziweka karatasi chini nikasema kwa mdomo. Mwanamke alifungua kufuli. Chumba kilikuwa kitupu na safi. Hakukuwa na vumbi dirishani, hakukuwa na utando wa buibui, ijapokuwa mlango haukufunguliwa kwa miaka. Pembeni umesimama ufagio. Akasimama pale katikati, hakuona mtu, hofu ikamtoka, akacheka peke yake. Kisha akasikia mtu anafagia chini yake. Ndani ya chumba chake mwenyewe. Pembeni kwanza. Akasikia birika lake linawekwa motoni. Akasikia mtu anakohoa kidogo, kama mtu aliyetulia. Akataka kushuka. Mlango ulikuwa umefungwa kwa nje.

Nikaishia hapo. Chini uani mtu alikuwa anafua.

"Anataka nini?" akauliza mama mkwe. Aliniuliza mimi.

Swali lilelile la barazani. Safari hii sikuona sababu ya kulikwepa. "Nafikiri anataka chumba chake, mama."

"Basi ni mwenyewe karudi."

"Hakurudi," akasema mke wangu. Alikuwa amejilaza, macho yake yako kwenye lile umbo jeupe la kabati. "Hakuondoka."

Sote watatu tulikuwa tumekaa juu ya sakafu ya mtu, na jambo hilo katika miaka ile mtu hakulisema, hata chumbani kwake. Mama mkwe akasogeza ungo, akainuka, akafunga dirisha.

Mke wangu akalala. Alilala palepale, kabla ya magharibi, usingizi mzito wenye kukoroma kidogo, mpaka asubuhi. Alipoamka aliomba mkate na chai na akala. Nilimwuliza kama aliota.

"Sikuota. Sasa najua nani yumo." Akameza. "Lakini humu sizai. Na nikishazaa, sirudi."

Mama mkwe alikuwa ameshafunga nguo. Walikwenda Makunduchi na gari ya asubuhi. Nilimsaidia mke wangu kushuka ngazi, nikatangulia mimi ili akiteleza aniangukie, na uso wake ulikuwa mweupe wa furaha kwa namna ambayo sikuiona siku nyingi.

Mimi nilirudi juu nikaandika mwisho, pamoja na yale maneno yake mawili, "Hakurudi. Hakuondoka," nikaupeleka kwa mhariri. Kisha nikaenda ofisi ya nyumba kuomba nibadilishiwe chumba, nipewe cha Ng'ambo. Karani alinitazama kama nimeomba nifungwe.

"Wewe mzee vipi? Watu wanalia wapate nyumba ya mawe mjini. Wewe unataka ya udongo?"

"Ngazi zinamshinda mke wangu."

"Ngazi tu?"

"Ngazi tu."

Akaandika. Familia iliyopewa chumba chetu ilikuja na vyombo siku ileile niliyokuwa natoa vyetu, watu wachangamfu, wenye watoto wengi. Mama wao aliniuliza kama nyumba ina tatizo lolote. Nikamwambia chokaa inadondoka.

Mtoto alizaliwa Makunduchi, msichana, mzima, mwenye sauti. Hadithi ilitoka gazetini. Maneno mawili ya mke wangu hayakuwamo. Mhariri aliyafuta, wala hakunieleza kwa nini, na mimi sikumwuliza. Hivi sasa tunakaa si mbali na Amani, katika nyumba ya udongo yenye paa la bati, iliyobanana na nyingine pande zote. Mtoto akilia usiku, kabla hatujamnyanyua jirani ameshauliza kwa ukutani ana nini. Mke wangu anapenda hivyo, na analala.

Mimi siandiki vizuri hapa. Kila kitu kina mwenyewe na kila sauti naijua inatoka kwa nani. Nimejaribu alasiri, nimejaribu alfajiri, nimegeuza meza ikatazama ukuta, nikaigeuza tena ikatazama mlango. Siku za mapumziko huchukua karatasi nikatembea mpaka Mnazi Mmoja, nikakaa kidogo kwenye nyasi, nikainuka, nikaenda bandarini, nikaona hapana pa kukaa, nikarudi. Mke wangu huniuliza nimeandika nini. Namwambia bado. Humpakata mtoto upande wa pili, akanisogezea nafasi mkekani, akanambia, "Kaa basi," nami hukaa, lakini si kwa muda mrefu.